Upepo wa Kitatange

Jumamosi, 2 Machi 1968

Samaki wangu kitatange amekula kamba leo, kisha akaja kwenye kioo cha tangi akanitazama kama mgeni aliyeletewa chai bila sukari. Nimecheka peke yangu.

Shajara hii alinipa Taherali wa duka la vioo mwanzoni mwa mwaka, na imekaa tupu mpaka leo. Naianza kwa sababu samaki wangu anabadilika rangi na nataka iandikwe anavyobadilika. Alikuja mnadani mwaka juzi ndani ya dema, mtego wa mvuvi Mwishehe, mdogo kama kibiriti, buluu ya kukaribia weusi, na mistari myeupe ya mviringo kama kitunguu kilichokatwa. Mimi ni dalali wa samaki. Sauti yangu, wanasema, inafika Kaole. Siku hiyo niliita mpaka nikakauka koo, hakuna aliyemtaka. Nikamchukua mwenyewe. Wakanicheka: dalali kapenda bidhaa. Sasa ni mkubwa kama sahani na hakuna anayecheka, ila mke wangu Chausiku, anayemwita "mke mwenzangu".

Tangi alilitengeneza Taherali kwa vioo vya dirisha na fremu ya chuma. Hewa inatoka kwenye tyubu ya lori iliyolala chini ya meza. Unaijaza upepo kwa pampu ya baiskeli, nayo inautoa taratibu kupitia mpira mwembamba mpaka majini. Ikijaa vizuri inafika kutoka swala hadi swala. Basi muadhini akianza tu, mmoja wetu anakwenda kwenye pampu. Alfajiri, magharibi na isha ni mimi, na katikati ya usiku naamka mara moja. Adhuhuri na alasiri niko mnadani, kwa hiyo ni Chausiku.

Chausiku ana mimba ya miezi saba, ya kwanza. Kwao Pangani mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa mke. Bi Biubwa, mama mkwe wangu, ameleta salamu tena: nimletee mwanawe kabla mvua hazijaharibu njia. Nimesema baada ya Idd. Sikusema kwa nini, na Chausiku hakuuliza. Anajua kwamba akiondoka hakuna wa kupiga pampu mchana.

Jumatano, 6 Machi

Joto. Nimemchemshia mchicha, akaukataa. Samaki, si mke.

Jumapili, 10 Machi

Idd. Tumekula pilau kwa Bi Mwajabu, jirani yetu, kisha tukakaa barazani.

"Baada ya Idd ni lini?" Chausiku akauliza.

"Idd yenyewe haijaisha, mke wangu."

Akacheka, nami nikafurahi kwamba amecheka. Nikaweka mkono tumboni kwake, mtoto akapiga teke. Nikamwambia kwamba akitoka tu nitamwadhinia mwenyewe katika sikio la kulia, sauti ya kwanza kuisikia duniani iwe yangu. Kuna watoto wa mji huu walioadhiniwa na watu wenye mafua. Wangu atajua kwamba baba yake ni Bwanausi dalali.

"Basi uwe karibu," akasema.

Jumanne, 19 Machi

Mvua ya kwanza ya kweli, na paa limevuja pale pale pa mwaka jana. Mistari myeupe ya kitatange inafifia ubavuni. Mwili unageuka rangi ya majani makavu, una vidoa vya buluu, na mkiani pametokea alama mpya, zimejikunja kunja. Nimezitazama mpaka chai ikapoa.

Salamu nyingine kutoka Pangani. Nimesema mwisho wa mwezi.

Jumatano, 27 Machi

Bi Mwajabu alikuja kuazima kinu. Akapita karibu na tangi, akasimama, akashusha ushungi.

"Bwanausi! Umeuona mkia huu?"

"Nimeuona, bibi."

"Hii si alifu? Na hizi si lamu mbili? Subhanallah! Jina la Mola limo nyumbani mwako nawe unauza samaki changu sokoni!"

Nikainama kutazama. Nilisoma chuo cha Kurani mpaka nikahitimu, herufi nazijua. Niliona madoa ambayo mtu akipenda anaweza kuyafanya herufi, na mtu asiyependa hawezi. Nikamwambia, "Inawezekana."

Chausiku alikuwa chini anapiga pampu, maana ilikuwa alasiri nami niliwahi kurudi lakini nilikuwa nimechoka. Akasema bila kuinua uso, "Kama ni hivyo, upepo nao ungeteremka wenyewe."

Bi Mwajabu akamwambia aombe msamaha. Akaomba. Mimi nikaenda kuleta kinu.

Jumapili, 31 Machi

Watu wamekuja tangu asubuhi, kutoka Kaole, kutoka Mbegani, na mtu na mkewe wametoka Msata kwa lori kwa ajili ya mkia tu. Viatu vimejaa mlangoni kama msikitini. Mmoja kaleta ubani, mwingine kamwaga marashi karibu na maji, nikamfukuza. Chausiku amepika chai ya watu asiowajua mpaka miguu imevimba.

Nami nilisimama pembeni ya tangi nikieleza. Tazama hapa, tazama huku, mngojeeni ageuke. Jioni nikagundua kwamba nilikuwa natumia sauti ya mnadani. Sikuuza kitu, lakini nilikuwa nanadi. Ilinipendeza sana.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua. Mashua chache.

Jumanne, 9 Aprili

Bahari imekuwa ya kahawia. Mto Ruvu umefurika na kumwaga matope yake yote huku kwetu. Nimeonja maji ya ufukweni, chumvi imepotea, na mtu anaweza kuyapikia wali. Kitatange hawezi kuishi humo. Nimemwomba Mwishehe anipeleke kwa ngalawa mpaka kule maji yanakobadilika rangi, nikajaza madebe mawili nikayabeba mzegamzega, mti begani, mpaka nyumbani.

Kwenye njia ya bombani nikakutana na Chausiku. Alikuwa na ndoo ya maji ya kunywa kichwani, mkono mmoja umeshika ukingo wa ndoo, mwingine umeshika mgongo. Tulikutana uso kwa uso penye matope, kila mtu na maji yake. Wanawake wa bombani wakapiga kelele:

"Chausiku! Mke mwenzio anatekewa, wewe je?"

Nilicheka nao. Yeye hakucheka, akanipisha njia. Mimi ndiye niliyepaswa kutua madebe nikaichukua ile ndoo. Niliwaza hivyo pale pale, nikawaza pia kwamba nikitua penye matope yatamwagika. Nikapita.

Nimeyaandika haya baada ya isha. Amelala. Ningeweza kumwamsha nimwombe radhi, lakini amechoka.

Jumatatu, 15 Aprili

Chausiku amesema pampu inamuumiza kiuno. Nimesema tutaondoka wiki ijayo, bila shaka. Akasema, "Bila shaka," akazima taa.

Jumamosi, 20 Aprili

Taherali alikuja kutazama puti ya vioo vya tangi iliyoanza kuvuja pembeni. Akaiziba, kisha akakaa mkekani, anamtazama kitatange.

"Kioo hiki nilikikata kwa samaki wa kidole," akasema. "Tazama akigeuka. Pezi linagusa huku, mkia unagusa kule. Mrudishe, Bwanausi."

"Sasa hivi bahari yote ni maji ya mto."

"Basi ungemrudisha Januari."

Akainuka, akavaa viatu, akageuka mlangoni. "Mke wangu Sakina anauliza Chausiku ataondoka lini. Anasema tumbo limeshuka."

Nikamwambia ya nyumbani kwangu aniachie mimi. Mtu aliyenipa tangi na shajara, na ambaye hajawahi kuniambia neno baya. Akasema, "Haya," akaenda na mvua.

Jumatano, 24 Aprili

Chausiku ameondoka. Nitaandika ilivyokuwa.

Tulipanga kuondoka pamoja leo kwa lori la Msata, huko tupate basi la kwenda Tanga, tushuke Muheza, mpaka Pangani. Bi Mwajabu alikubali kupiga pampu mpaka nirudi. Nguo zilikuwa zimefungwa tangu jana. Nilipotoka kuswali alfajiri nikakuta kitatange amelala ubavu chini ya tangi, jicho moja lina ukungu, anapumua haraka haraka.

Chausiku alikuwa tayari amevaa buibui. Nilimtazama yeye, nikamtazama samaki, kisha nikasema lile neno. Nilisema, "Tangulia, mke wangu. Keshokutwa nakufuata."

Hakugomba. Ningependa angegomba. Akaja kwenye tangi, akainama kwa shida, akaweka kiganja kwenye kioo.

"Ni maji haya," akasema. "Mbadilishie nusu kwanza, usimbadilishie yote. Na pampu usiitie nguvu, ngozi yake ya ndani imekauka. Mimi huipaka mafuta ya nazi."

Sikujua kwamba huipaka mafuta ya nazi. Miezi yote hii nilidhani pampu ni nzima.

Nilimpeleka mpaka kwenye lori nikampakia mbele, nikamwambia dereva aende polepole. Mvua ilikuwa imeanza tena. Alinitolea mkono dirishani, nikaupokea, ulikuwa baridi. "Keshokutwa," nikasema. Akaitikia kwa kichwa.

Kisha nikakimbia nyumbani kubadilisha maji.

Ijumaa, 26 Aprili

Kitatange ameinuka! Amekula, anatembea, jicho linasafika. Alhamdulillahi. Nimeswali Ijumaa kwa moyo mweupe. Safari kesho, maana leo nimechoka na maji.

Jumatatu, 29 Aprili

Njia ya Msata imekatika tangu Jumamosi. Wanasema na mto Wami umepanda. Chausiku atakuwa ameshafika kwao, anakula uji wa mama yake. Najiambia hivyo kila nikipiga pampu.

Alhamisi, 2 Mei

Nitaandika ya leo mnadani.

Nilikuwa juu ya kreti mnadani nauza kolekole mmoja mkubwa, watu wengi kidogo kwa kuwa mvua ilitulia. Akapenya mtu mnene, kofia ya kiua, mikono ya mafuta ya gari.

"Namtafuta Bwanausi dalali."

"Ndiye mimi. Sema bei!"

Watu wakacheka, naye akacheka. Akasema, "Sina bei, nina hongera. Una binti."

Nilishuka kwenye kreti. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Jina lake Mrisho, anaendesha lori la Tanga, na leo amekuja kupakia chumvi. Akasimulia mbele ya watu wote, kwa furaha, kama mtu aliyeleta habari njema, na kweli aliileta. Magari yalizuiwa Msata kwa sababu ya Wami. Chausiku alikaa kwenye baraza la hoteli ya chai siku mbili akingoja. Ijumaa mchana uchungu ukamshika. Mama mmoja Mkwere akatundika khanga, akamzalisha pale pale, nyuma ya majiko.

"Mtoto alipolia," Mrisho akasema, "yule mama akatoa kichwa nje akauliza, nani hapa Mwislamu mwenye udhu? Mimi nilikuwa nimetoka kuswali. Nikaingia nikamwadhinia. Sauti sina, bwana, nisamehe. Lakini nilisoma taratibu, sikuruka neno. Mtoto akanyamaza, akanitazama hivi." Akafumbua macho kutuonyesha.

Nikamshukuru. Nilijisikia nikisema maneno yote yanayosemwa.

"Maji yaliposhuka nikawachukua mwenyewe mpaka Muheza, wakapata gari la Pangani. Mkeo mvumilivu, wallahi. Tulimuuliza, mama, bwana yuko wapi hali uko hivi? Akasema bwana wangu ana mgonjwa nyumbani, hawezi kumwacha. Tukamwombea mgonjwa wako dua pale barazani, sote, hata wenye hoteli." Akainamisha kichwa kwa adabu. "Anaendeleaje?"

Hakuna mtu pale asiyemjua mgonjwa wangu. Mwishehe alitazama miguu yake. Wale wale walionitania mwaka mzima, hakuna aliyecheka, na ningewapa chochote wacheke.

"Anaendelea vizuri," nikasema.

Nikapanda tena juu ya kreti nikamaliza kumuuza kolekole. Simkumbuki aliyemnunua.

Ijumaa mchana. Ndio wakati nilipokuwa naandika humu kwamba moyo wangu ni mweupe.

Nafunga mlango. Njia ya Msata bado mbovu, nitazungukia Dar na Chalinze.

Jumapili, 5 Mei. Pangani

Bi Biubwa alinipokea kwa heshima zote, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari. Mgonjwa hajambo?"

Kumbe Chausiku hakumwambia ukweli hata mama yake. Nikajibu hajambo, nikatazama mkeka.

Chausiku alikuwa kitandani, amefungwa tumbo, uso umepungua. Mtoto anaitwa Mwanajuma. Siku ya saba ilifika Alhamisi, Bi Biubwa akasema mtoto hakai bila jina akingoja njia ikauke, akapewa la siku yake. Nilikuwa nimechagua jina. Sikulitaja.

Nikaomba kumpakata. Ni mwepesi, ana nywele mpaka shingoni. Nikamgeuza kidogo, nikasogeza mdomo kwenye sikio lake la kulia. Sikuwa nimefikiri, mwili ulifanya wenyewe kile ulichokuwa unakisubiri tangu Idd.

"Ameshaadhiniwa, mwanangu," Bi Biubwa akasema kwa upole. "Mtoto haadhiniwi mara mbili."

"Najua, mama."

Akangoja niseme neno jingine, hata dua. Mimi, ambaye naweza kusema tangu alfajiri mpaka samaki wa mwisho aondoke, nilikaa na sikio la mwanangu mdomoni pangu na sikupata neno. Nikamrudisha.

Bi Biubwa alipokwenda jikoni nikamwambia Chausiku, "Nisamehe." Akasema amesikia. Nikamuuliza kwa nini aliwaambia watu nina mgonjwa.

"Ningewaambia nini, Bwanausi? Wangenionea huruma. Nilikuwa na uchungu, sikuwa na nafasi ya kuona haya tena."

Akamnyonyesha mtoto. Baadaye akainua uso ghafla.

"Nani anapiga pampu?"

Nikafungua mdomo. Tangu pale mnadani sikumkumbuka kitatange hata kidogo. Sikumwambia Bi Mwajabu kwamba naondoka. Mlango nilikuwa nimeufunga, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Chausiku aliusoma uso wangu. Akaweka mkono mdomoni.

"Hata yeye?" akasema.

Hakusema kwa hasira. Machozi yalimtoka, ya kwanza niliyoyaona tangu nifike, na yalikuwa ya samaki. Yeye ndiye aliyempulizia hewa kila mchana, kiuno kikimuuma, wakati mimi nawaeleza watu mkia.

"Nimekuja kukaa nawe," nikasema.

"Rudi ukamtazame. Mimi nina mama."

Jumatano, 8 Mei

Nimefika. Harufu ilinipokea mlangoni. Tyubu imelala bapa chini ya meza.

Bi Mwajabu alikuwa nyuma yangu. "Niligonga, mwanangu. Nilisikia adhana bila pampu nikajua hupo. Ufunguo umekwenda nao."

Nilimtoa kwa mikono. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Nikautandaza mkia kwenye kiganja, nikautazama kwenye mwanga wa dirisha. Vilikuwa vidoa, kama siku zote.

Bi Mwajabu alileta kitambaa cheupe amzike uani, asiliwe na paka, kwa heshima ya lile Jina.

"Bibi," nikamwambia, "yale yalikuwa madoa."

Akanitazama sana. "Mimi macho yangu mabovu," akasema. "Niliuliza kwa sababu wewe unaona. Wewe ndiye uliyesema inawezekana."

Akamviringisha, akamzika. Nilimchimbia.

Jumamosi, 25 Mei

Nauza samaki. Wananiambia sauti imepungua. Nasema ni mafua.

Jumapili, 9 Juni

Mvua zimekwisha na bahari imerudi rangi yake. Sasa ndipo ingefaa kumrudisha kitatange.

Nilikwenda Pangani arobaini ilipotimia, nimevaa kanzu, nimekodi gari la kutuleta wote watatu. Chausiku alinikaribisha vizuri, akanipa mtoto nimpakate mchana mzima. Jioni akaniambia hatarudi nami. Nikamuuliza ni mpaka lini. Akasema, "Baada ya Idd," na hakutabasamu, wala sikuthubutu kuuliza Idd ipi. Nimerudi na gari tupu.

Taherali amekuja leo kulivunja tangi. Vioo atavirudisha kwenye madirisha ya watu. Nilimwomba radhi kwa lile neno la Aprili, akasema hakumbuki, nami najua anakumbuka. Alipoondoka nikakaa mezani niandike haya.

Hapo muadhini akaanza alasiri. Kabla sijafikiri nilikuwa nimeshapiga magoti, mkono uko chini ya meza unatafuta pampu. Ulipapasa ukakuta sakafu. Nikabaki pale pale chini, mikono mitupu, nikaisikiliza adhana mpaka mwisho.